Tarumbeta Iliyotumika Miezi Minane

Jioni hiyo nilitoka kazini na sanduku jeusi mkononi, na wenzangu hawakuniacha salama.

"Jamani, dobi wetu kahamia bendi!"

Mmoja akajitia kupuliza kwenye ngumi yake, wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Kazi yangu ni kunyoosha mashuka ya hoteli. Siku nzima nasimama mbele ya mashine ya mvuke, na nikitoka hapo nanukia sabuni hadi kwenye kope. Muziki siujui hata kidogo. Nilikuwa nakwenda tu kuuza tarumbeta ya binti yangu.

Tangazo niliandika mwenyewe kwenye simu, mwalimu wake wa muziki akanisaidia maneno. Tarumbeta ya shaba, imetumika miezi minane tu. Haijabonyea popote, ina mkwaruzo mdogo chini ya kibonyezo cha tatu. Inamfaa mtu aliyekwisha kuvuka hatua ya kuanza lakini bado hajawa bingwa. Ina sanduku lake, mafuta yake na kitambaa chake cha kufutia.

Baba yake ndiye aliyeinunua. Ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani tunamwona siku mbili tatu kwa mwezi, basi akija hupenda aje na kitu. Mtoto alikuwa na miaka kumi na saba. Alishapiga tarumbeta kuukuu ya shule miaka mitatu, mpaka mwalimu akasema ile sasa inambana, apate inayolingana na pumzi zake. Siku ilipoletwa aliilaza kitandani pembeni yake, akaifunika na khanga yangu.

Miezi minane baadaye akaipandisha juu ya kabati. Hakuigusa tena.

"Iuze, mama."

"Kuna nini?"

"Nimechoka nayo."

Nikadhani ni mambo ya umri. Alikuwa amekonda. Akipanda ngazi za nyumba yetu alishika ukuta, akasimama katikati, akavuta pumzi kama bibi kizee. Nikasema ni mitihani. Nilitaka iwe mitihani.

Waliopiga simu kuhusu tangazo wote waliuliza bei kwanza, kama kawaida ya watu. Mmoja tu hakuuliza.

"Nani alikuwa anaipiga?" aliniuliza. Sauti ya mzee, nyembamba, inayokatika katikati ya maneno.

"Binti yangu."

"Yeye peke yake?"

"Peke yake."

Nikasikia akivuta pumzi… akivuta… kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

"Niletee kesho, jua likizama," akasema. "Nitatoa hiyo bei uliyoandika."

Ndivyo nilivyojikuta, jioni hiyo, mbele ya jengo la zamani la ghorofa tatu, chini duka la vipuri limeshafungwa, juu madirisha yote giza isipokuwa moja. Ngazi zilikuwa za saruji, zimelika katikati. Kila nilipopanda harufu ilizidi. Dawa ya kung'arishia shaba, hiyo niliitambua. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya joto, tamutamu…

Maziwa. Harufu ya maziwa kwenye nguo ya mtoto mchanga.

"Hodi."

"Karibu, mama. Sukuma."

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba. Mzee mwembamba, suruali nyeusi, shati jeupe la mikono mirefu. Mimi shati naliangalia kabla ya uso, ndiyo kazi iliyonilea. Lile shati halikuwa na kunyanzi hata moja. Kwenye viwiko hamna, mgongoni hamna. Kama vile tangu alivae hajakunja mkono wala hajaketi.

Halafu nikaona kuta.

Zilijaa tarumbeta. Zimetundikwa kwenye kulabu toka juu hadi chini, kubwa kwa ndogo, nyingine zimepauka, nyingine zinametameta. Na kila moja ilikuwa imezibwa mdomo kwa kitambaa cheupe kilichosokotwa na kushindiliwa ndani kabisa.

"Vumbi," mzee akasema, kabla sijauliza.

"Kumbe wewe ni mwanamuziki."

"Mimi? Hapana. Sina pumzi ya kutosha."

Akafungua sanduku langu. Hakukagua vibonyezo, hakuangalia mkwaruzo, hakuuliza mafuta. Aliinua tarumbeta kwa mikono miwili, akaweka sikio kwenye mdomo wake mpana. Akafumba macho. Kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto.

Akatabasamu.

"Binti yako alizaliwa peke yake?"

Nikatazama mlango.

"Ndiyo," nikasema.

"Haya." Hakuniangalia. "Na unaniuzia pamoja na vilivyomo?"

Nikawaza kichupa cha mafuta. Kitambaa. Kipande cha akiba cha kupulizia. "Ndiyo, na vyote vilivyomo."

"Sema vizuri."

"Nakuuzia tarumbeta hii na vyote vilivyomo."

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo. Akanipa bahasha, kisha akachukua kitambaa cheupe mezani, akaanza kukisokota. Niliaga, akaitikia kwa kichwa tu. Nilipofika mlangoni alikuwa anakishindilia kwa kidole gumba.

Na kutoka ndani ya shaba ile nikasikia kitu kikikohoa.

Kidogo sana. Mara moja.

Nilishuka ngazi mbili mbili. Njia nzima nilijiambia ni mzee yule, ana kifua kibovu, nani asiyemsikia.

*

Nilimkuta binti yangu jikoni anakata vitunguu. Akaona mikono yangu mitupu, mabega yakamshuka.

"Imeuzika?"

"Imeuzika."

"Ulimwambia aliyenunua?"

"Nimwambie nini?"

Kisu kikasimama.

"Kwamba kuna anayejibu," akasema.

Nikavuta kigoda. Akanisimulia bila kuniangalia, huku akisukuma maganda ya vitunguu huku na huku kwa ncha ya kisu. Ilianza mwezi wa pili. Akipiga sauti nne tano, akinyamaza ili apumue, ndani ya tarumbeta zile sauti zilirudi. Pole pole, kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha tatu. Akadhani ni mwangwi. Lakini mwangwi haukosei, na huyu alikuwa anakosea.

"Alikuwa anajifunza, mama. Nikifundishwa kitu kipya shuleni, nikija kupiga hapa, naye anajaribu. Mwanzo alikuwa hovyo kabisa, nilikuwa nacheka. Baadaye akawa ananikaribia."

"Ulicheka?"

"Sikumwogopa. Alikuwa kama… kama mtoto anayekufuata nyuma nyuma. Ila kila akijibu, mimi kifua kinabaki kitupu. Siku ya mwisho nilianguka hapo kwenye zulia. Nilipozinduka bado alikuwa anapiga. Peke yake. Hakuna aliyepuliza."

Akaweka kisu chini.

"Hakuwa na nia mbaya. Hakuwa na pumzi zake, basi. Alikuwa anaazima zangu."

Nilisimama, nikasema naenda kuanua nguo. Nguo hazikuwepo kambani. Nikasimama pale uani na simu mkononi, nikampigia dada yangu mkubwa.

Dada ndiye aliyenishika mkono siku ya kujifungua. Binti yangu alitangulia, akalia mpaka wauguzi wakacheka. Dakika saba baadaye akaja mvulana. Mkunga alimpigapiga nyayo, akamfuta mdomo, akampulizia. Midomo yake ilikuwa ya samawati. Hakuvuta hata pumzi moja. Dada alimviringisha kwenye kitambaa cheupe, akaondoka naye na mume wangu kwenda kumzika, mimi nikabaki kitandani na huyu mmoja kifuani. Tukakubaliana watatu. Mtoto asiambiwe, asije akakua na kivuli. Miaka kumi na saba hatukuligusa neno hilo.

Nilimaliza kumweleza dada.

"Umesemaje? Rudia ulivyomwambia huyo mzee."

"Na vyote vilivyomo."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Mdogo wangu," dada akanong'ona, "umemuuza."

*

Kesho yake nilikwenda kazini kwa sababu sikujua pa kwenda kwingine. Dada alikuja kukaa na mtoto. Tulipanga nikitoka tu, nimfuate yule mzee, nimrudishie bahasha yake. Nilipiga namba yake asubuhi, ikaita bila kupokelewa. Mchana vivyo hivyo. Niliunguza mashuka mawili. Msimamizi akaniuliza kama naumwa, nikasema naumwa, akaniambia basi nikaumwe kwenye kukunja mataulo.

Saa kumi na nusu, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa sauti kutoka namba ya mzee.

Niliingia kwenye chumba cha sabuni, nikafunga mlango, nikaweka simu sikioni.

Tarumbeta. Sauti nne, tano. Halafu tena. Safi, nyororo, na pale mwishoni, kosa dogo. Kati ya sauti na sauti hapakuwa na mtu anayevuta pumzi. Kisha mzee akacheka, kicheko kinene, cha mtu mwenye kifua kipana.

Kabla ujumbe haujaisha, dada akapiga.

"Njoo zahanati! Mtoto hapumui vizuri. Alikuwa amekaa tu, tunaongea, akashika kifua… Njoo!"

Nilimkuta amewekewa mpira wa hewa puani. Macho yamemtoka. Daktari, kijana mpole, alikuwa ameshikilia picha ya kifua dirishani.

"Mapafu yake ni mazima kabisa," akaniambia. "Sijui niseme nini, mama. Ni kama vile hewa inaingia, halafu inakwenda mahali pengine."

Binti yangu alinivuta mkono. Nikainama.

"Anapigishwa," akanong'ona. "Hataki… anapigishwa."

Nilimtazama dada. Dada akanitazama.

"Nenda," akasema. "Mimi nipo hapa. Nenda kabla giza halijaingia."

*

Mlango wa mzee ulikuwa wazi.

Jua lilikuwa linazama dirishani, chumba kizima kimekuwa chekundu. Vitambaa vyote vilikuwa sakafuni. Tarumbeta zote zilikuwa wazi midomo, na zilikuwa… sijui neno lake. Zilikuwa zinapumua. Ule mvumo mdogo unaousikia ukiingia chumba walimolala watoto wengi.

Mzee aliketi kwenye kiti. Mashavu yamemjaa. Shingo imenyooka. Nisingemwona jana ningesema ana miaka arobaini. Na shati lake, lile lile, sasa lilikuwa na kunyanzi tele kwenye viwiko.

"Leo nimetembea mpaka sokoni," akaniambia kwa furaha, kama ndugu anayenipa habari njema. "Miguu yangu mwenyewe!"

Niliitupa bahasha mezani.

"Nipe mwanangu."

"Yupi? Wa zahanati au wa hapa?"

Nikapiga moyo konde. "Wote wawili."

"Mama, biashara ni maneno, na maneno uliyasema mwenyewe. Huyu hakuwa na mtu. Hakulia, hakuandikwa, hakuitwa. Aliyeachwa hivyo ni wa atakayemwokota. Mimi nimeokota wengi." Akaangalia kuta zake, taratibu, kwa mapenzi. "Wanakuja wenyewe kwenye pumzi za ndugu zao. Mimi nasubiri tu matangazo. Iliyotumika kidogo. Mwenyewe ameacha ghafla. Ukisoma unajua."

"Aliitwa," nikasema.

Akageuza kichwa.

"Nilimpa jina. Sikumwambia mtu. Hata baba yake hajui."

Akanikazia macho, akakuna kidevu. Halafu akanyanyua mkono kuelekea ukutani, mkono wa mtu anayekukaribisha uchague kitambaa dukani.

"Haya, mwite. Atakayeitika, chukua uende. Sitakufuata."

Niliziangalia. Zilikuwa nyingi mno, na wekundu ule ulizifanya zote ziwe rangi moja. Sikuwahi kulitamka jina lile kwa sauti. Nililitamka kitandani, moyoni, siku ile dada na mume wangu wakiondoka na kifurushi cheupe, na tangu hapo nililirudia moyoni kila mwaka asubuhi ya siku yao ya kuzaliwa, huku nikimpongeza binti yangu.

Nikafungua mdomo. Nikamwita.

Mvumo ukakatika.

Chumba kizima kikawa kimya.

Kisha, kushoto, juu karibu na dirisha, sauti moja ndogo ikatoka. Ikapanda. Ikatetemeka.

Nilipanda juu ya kiti chake, nikaitoa kwenye kulabu. Nikaipindua, nikapapasa chini ya kibonyezo cha tatu. Mkwaruzo upo. Ni yenyewe! Nikaikumbatia kifuani, shaba ilikuwa na joto la mwili, nikatoka mbio.

Hakunifuata. Kweli hakunifuata.

Lakini nilipokuwa ghorofa ya pili nikasikia zile nyingine zikianza kulia juu yangu. Moja, halafu mbili, halafu zote pamoja, kila moja sauti moja ndogo inayopanda na kutetemeka. Nikadhani ni hasira yake. Nikadhani anazipigisha ili kunitisha. Sikugeuka.

Nje barabarani simu ikaita.

"Amepumua!" Dada alikuwa analia. "Sasa hivi, amevuta pumzi moja kubwa, anaomba maji!"

*

Tulimweleza usiku huo huo, tulipomrudisha nyumbani. Mimi nilianza, nikashindwa, dada akamalizia. Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia alie. Alikasirika.

"Miaka yote hii," akasema. "Nilikuwa na kaka, na mlijua watu watatu, na mimi si mmoja wao."

"Tulitaka kukukinga, mwanangu."

"Na yeye mlimkinga na nini?"



Hasira yake ilikaa siku mbili. Siku ya tatu alikuja mwenyewe chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza alifananaje. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi kuliko zake. Akacheka kidogo, akafuta macho. Tukakubaliana kwamba Jumamosi, baba yake akirudi safari, tutakwenda wote alikozikwa, tutamwita kwa jina mbele ya watu, na tarumbeta tutaifukia pale pale naye apumzike. Tangu tuirudishe ilikuwa ndani ya sanduku lake, mezani. Kila jioni binti yangu alikuwa analifungua, anainama, anaongea nayo.

"Kaka. Ni mimi."

Kimya.

"Amechoka," nikamwambia.

"Labda," akasema. Lakini alikuwa amekunja uso. "Mimi alikuwa ananijibu hata nikikohoa tu."

Ijumaa jioni nilikuwa nakunja nguo. Simu ikaita. Namba ya mzee.

Sijui kwa nini nilipokea.

"Mama," akasema. Sauti nzito, changa, yenye afya. "Sipendi mtu asumbuke bure, ndiyo maana nimepiga. Msiende kufukia."

"Umejuaje…"

"Chombo ulichochukua ni chako. Ila mimi huwa nawahamisha. Kila akija mpya nawabadilisha vyumba, wasizoee. Wako nilimhamisha usiku ule ule wa kwanza. Ulipokuja nilikuwa nimemaliza kumpigisha kwa siku hiyo, ndiyo maana binti yako akapumua."



"Uongo. Nilimwita. Aliitika!"

"Aliyeitika si wako. Aliwawahi tu wenzake." Akaongeza kwa upole ambao mpaka leo siwezi kumsamehe. "Hukuwasikia wengine ulipokuwa unashuka? Wote waliitika, mama. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kuitwa jina."

Simu ikakatika.

Tulikwenda. Mimi, dada na mume wangu, ambaye alikuwa ameshuka kwenye lori hata saa moja haijapita. Mlango ulikuwa wazi, chumba kimefagiliwa. Dirisha wazi. Ukutani zimebaki kulabu tu, safu kwa safu. Mwenye duka la vipuri alisema mpangaji wake wa juu alihama siku ile ile niliyochukua tarumbeta, alibeba masanduku mwenyewe mpaka chini, tena anapiga mluzi. "Na alivyokuwa amekuja mgonjwa!" akasema. "Mungu mkubwa."

Namba yake haipatikani tena. Nimeripoti polisi kwamba nimetapeliwa. Polisi aliyekuwa zamu aliniuliza nimetapeliwa nini, nikasema tarumbeta, akauliza si ndiyo hiyo umeishika.

Binti yangu yuko hai. Kuna siku anapiga hatua zake vizuri, anabishana na mimi, anakula. Kuna siku, katikati ya sentensi, mkono unamwenda kifuani. Hapigi kelele. Ananionyesha tu kwa macho kwamba imeanza. Namkalisha, namshika mgongo, tunangoja ipite. Hadi sasa imekuwa ikipita.

Na sanduku liko pale mezani. Baba yake alitaka alitupe mtoni. Dada alitaka tulichome. Mimi na binti yangu tukakataa, tukashindwa hata kueleza kwa nini.

Wiki ya pili jambo lingine lilianza. Jua likizama, pale taa za barabarani zinapowaka, kutoka ndani ya sanduku lililofungwa inatoka sauti. Si zile nne tano za binti yangu. Ni wimbo mwingine, wa taratibu, wa kubembelezea mtoto. Unapanda, unashuka, unapanda tena… halafu unakatika mahali pale pale kila siku. Kisha kimya kirefu.

Jana binti yangu alisogeza kiti, akalaza sikio juu ya kifuniko.

"Si kaka," akasema. "Huyu ni msichana. Mdogo."

"Mbona anakatisha?"

"Hakatishi, mama. Anangoja mtu amalizie."

"Nani?"

Wimbo ukaanza tena kutoka mwanzo, polepole zaidi, kwa uangalifu, kama mtu anayedhani safari iliyopita hakusikika vizuri. Ukapanda. Ukashuka. Ukafika pale, ukakatika.

Tukakaa wawili, mikono mapajani, tunalitazama sanduku.

Sisi wimbo ule hatuujui.